Mustang ya 1966 na wenzake: ubaki na dramu, uweke diski mbele, au ubadilishe zote nne?

Bomba la breki la nyuma lilipasuka nikiwa nakaribia taa nyekundu, hapa Ohio, mwezi wa Mei, gari ndiyo kwanza limetoka kulala majira yote ya baridi. Nilikanyaga, pedali ikaenda mpaka sakafuni bila kukutana na kitu. Mustang ya 1966 ina masta silinda (pampu ya mafuta ya breki inayosukumwa na pedali) ya chumba kimoja. Mafuta ya magurudumu yote manne yanatoka kwenye kikombe kimoja, kwa hiyo tundu la ukubwa wa pini likikunyima presha nyuma, linakunyima na mbele. Nilirudisha gia mpaka ya pili, nikavuta mpini wa handbreki ulio chini ya dashibodi, gari likasimama pua ikiwa tayari imeingia kwenye makutano. Hakukuwa na mtu anayepita. Tangu siku ile, akija mtu kuniuliza aanzie wapi kuboresha breki za V8 ya zamani, yaani gari la injini ya silinda nane, simtajii diski kwanza. Namtajia masta silinda ya vyumba viwili.

Waswahili wenzangu wengi huku Marekani sasa wananunua haya magari: Mustang, Camaro, Chevelle, GTO, Charger. Nafurahi, maana ni magari ambayo mtu mwenye spana na subira anaweza kuyajua yote kwa mikono yake. Ila mwenendo ni uleule: gari linavuta upande au pedali ni laini, mtu anafungua simu, anaona seti ya diski inang'aa, ananunua. Seti inafika, inafungwa, na gari bado linavuta upande.

Kabla ya kulinganisha chochote, ujue gari linaumwa nini

Pedali ikizama taratibu ukiwa umeikanyaga kwenye taa nyekundu, na hakuna mafuta chini ya gari, raba za ndani ya masta silinda zimechoka. Mafuta yanapita pembeni ya pistoni na kurudi kikombeni. Pedali ikiwa chini lakini ukiipiga mara mbili tatu inapanda na kuwa ngumu, kwenye gari la dramu hiyo kwa kawaida ni shu, zile nyama zinazosugua ndani ya dramu inayozunguka na gurudumu, zimekaa mbali nayo. Zirekebishe kabla ya kununua kitu. Virekebishi vyake vya kujikaza vinafanya kazi unapofunga breki ukirudi nyuma, na gari lililokaa miaka gerejini halijarudi nyuma mara nyingi. Pedali laini kama sifongo, inayobaki laini hata ukiipiga, ina upepo.

Gari likivuta upande mmoja, wengi hulaumu wili silinda, ile silinda ndogo inayosukuma shu kwenye kila gurudumu. Inawezekana. Lakini angalia kwanza mipira ya breki. Mustang hii ina mitatu: mmoja kila upande wa mbele na mmoja unaokwenda kwenye ekseli ya nyuma. Mpira wa zamani unavimba kwa ndani huku nje ukionekana mzima. Presha ya mguu wako inapenya, ila ukiachia pedali mafuta hayarudi haraka, na gurudumu linabaki limeshikwa. Nimewahi kuukata mmoja kwa kisu nione: tundu lililobaki lisingepitisha sindano ya kushonea viatu. Mipira mitatu mipya haina bei ya kutisha, na imewahi kuponya magari ambayo wenye nayo walikuwa wameshaagiza diski.

Kuna kipimo ninachokipenda kuliko vyote kwa sababu kinamaliza ubishi. Fungua mabomba kwenye masta silinda, ziba matundu yake kwa vizibo vya shaba vyenye uzi unaolingana, kisha kanyaga. Pedali ikiwa ngumu kama jiwe na ikabaki pale pale, masta silinda ni nzima na shida iko mbele yake. Ikizama au ikiwa laini, umeshampata mgonjwa.

Jambo moja la usalama. Shu za zamani nyingi zilikuwa na asbesto. Usipulize vumbi la dramu kwa kompresa wala kwa mdomo. Lilowanishe kwa dawa ya kusafishia breki, lifute, tupa kitambaa.

Dramu nne zilizotengenezwa vizuri

Dramu zimesingiziwa mengi. Breki za Mustang ya V8 ya 1966 ni dramu za inchi 10 mbele na nyuma. Chevelle ya miaka ile ilikuwa na za inchi 9.5. Ndani yake kuna werevu mkubwa. Shu ya mbele ikigusa dramu inayozunguka inaburutwa nayo, inaisukuma shu ya nyuma, na breki inajikaza yenyewe kuliko ulivyoikanyaga. Ndiyo maana gari zito linaweza kusimama bila busta, kile kifaa cha kuongezea nguvu ya mguu, kwa mguu wa kawaida.

Ila werevu huohuo ndio unaoleta usumbufu. Kwa kuwa breki inakuza nguvu ya mguu, inakuza pia kila kosa. Tone la mafuta kwenye shu ya kushoto, unyevu wa alfajiri, springi moja iliyolegea, vyote vinageuka kuwa usukani unaovutwa. Na upo moto. Dramu ikipata joto inapanuka, inaondoka kwenye shu, pedali inashuka. Diski ikipata joto inanenepa kuelekea kwenye pedi zinazoibana. Kusimama mara moja kutoka maili 60 kwa saa, dramu nzima inaweza. Mara ya tatu mfululizo, au kwenye mteremko mrefu, ndipo unapoiona ikichoka. Kazi hii nilijifunzia kwenye Land Rover za zamani Tanga, na mtu aliyeshuka na dramu kutoka Lushoto mpaka Mombo anajua kwa nini fundi wangu alituambia tushuke na gia, breki tuziache zipumue.

Ukichagua kubaki na dramu, zifanye kikamilifu: wili silinda mpya nne, mipira mitatu, springi mpya, dramu zipimwe. Dramu nyingi zina kipimo cha mwisho kilichochorwa juu yake. Ikizidi hapo haichongwi tena, inatupwa. Angalia sana mpangilio wa shu. Yenye nyama fupi inakaa mbele, yenye nyama ndefu inakaa nyuma, pande zote mbili za gari. Nimefungua gari ambalo upande mmoja ulikuwa na fupi mbili na wa pili ndefu mbili, na mwenyewe alikuwa ameshapeleka kupimwa alaimenti mara kadhaa.

Halafu masta silinda ya vyumba viwili. Cadillac na AMC walianza nayo 1962. Sheria ya shirikisho ya Marekani ikaja kuilazimisha 1968, na makampuni mengi yaliiweka tangu modeli za 1967. Kwa hiyo Mustang ya 1966 inapokea masta silinda ya mtindo wa 1967 ya dramu kwa dramu, pamoja na mabomba machache mapya. Gari kwa macho linabaki la asili. Bomba la nyuma likipasuka, mbele bado unayo.

Mabomba yenyewe, hasa huku kwenye chumvi ya barabarani, ukiona kutu ya kumeguka usibembeleze. Weka ya chuma au ya mchanganyiko wa shaba na nikeli, miisho ikunjwe mara mbili. Bomba la shaba tupu la mafundi wa maji halina kazi kwenye breki, hata kama limekaa vizuri.

Diski mbele, dramu nyuma

Hapa ndipo watu wengi wanapaswa kufikia, na sioni haya kulisema wazi. Ukifunga breki, uzito wa gari unaegemea mbele, na magurudumu ya mbele yanabeba karibu asilimia 70 ya kazi. Kuweka diski mbele ni kupeleka pesa mahali kazi ilipo. Na mwendo wa siku hizi si wa 1966: ukitoka maili 60 ukaenda 70 kwa saa, nguvu ambayo breki inapaswa kuigeuza kuwa joto inaongezeka kwa asilimia 36.

Ford waliuza Mustang zenye diski za mbele kwa nyongeza tangu 1965, kalipa (kibanio kinachosukuma pedi) ya kampuni ya Kelsey-Hayes yenye pistoni nne. Mwaka 1968 wakahamia kwenye kalipa ya pistoni moja inayoelea. Chevrolet walipita njia hiyohiyo, pistoni nne 1967 na 1968, pistoni moja 1969. Ukinunua seti leo utakutana na chaguo hilohilo. Pistoni nne zinafanana na gari la asili na zinapendeza mbele ya waamuzi wa maonyesho. Pistoni moja ni rahisi kuitunza, ina sehemu chache za kuvuja, na pedi zake unazipata duka lolote la spea jioni ya Jumamosi. Kwa gari la kuendeshwa, nachukua pistoni moja bila kufikiri mara mbili.

Zamani watu walikuwa wanang'oa spindeli (vishikio vya magurudumu ya mbele) na diski kwenye Ford Granada na Mercury Monarch za 1975 hadi 1980 na kuzifunga kwenye Mustang. Breki zinapatikana, lakini pembe za mikono ya usukani haziendani, na gurudumu likipanda tuta gari linajipinda lenyewe. Kwa kuwa siku hizi seti zimejaa sokoni, sioni sababu ya kuhangaika nayo.

Pima rimu kabla ya kulipa. Rimu za inchi 14 za gari la dramu mara nyingi zinagusa kalipa. Diski ya inchi 11 inakaa kwa raha ndani ya rimu ya inchi 15. Diski kubwa zaidi itakudai 16 au 17, na tairi mpya nne juu yake. Hiyo gharama haimo kwenye picha ya seti.

Tatizo kubwa la kubadilisha mbele tu ni kwamba dramu na diski hazitaki mambo yaleyale. Masta silinda ya dramu ina vali ndogo inayobakiza presha ya PSI 10 (paundi kwa inchi ya mraba) hivi ndani ya bomba, ili raba za wili silinda zisilegee na kuvuta hewa. Ukiiacha vali hiyo kwenye njia ya diski, pedi hazitaachia kamwe. Baada ya maili chache unanusa harufu ya kuungua. Diski inataka pia kikombe kikubwa, maana pedi zikiisha pistoni za kalipa zinameza mafuta mengi. Nyuma unahitaji vali ya kugawa presha, ili dramu zinazojikaza zisifunge kabla ya mbele. Gari likifunga nyuma kwanza linazunguka. Likifunga mbele kwanza linakwenda moja kwa moja, na hilo dereva anaweza kulimudu.

Mwaka jana alinijia kijana mmoja wa Mombasa anayekaa mji wa jirani, Mustang yake imepandishwa kwenye gari la kuvuta.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mwanangu. Imekataa nini?"

"Nimefunga diski mwenyewe. Upepo hautoki. Masta silinda hii ni ya pili. Mafuta nimemaliza chupa sita."

Sikuigusa masta silinda. Niliinama kwenye gurudumu la mbele na tochi, nikamwita aje aone. Nipeli ya kutolea upepo ilikuwa chini ya kalipa, inatazama lami. Alikuwa amefunga kalipa ya kulia kushoto na ya kushoto kulia. Zinaingia bila kulazimisha, ndiyo maana hakushtuka. Upepo unakaa juu, yeye alikuwa anaufungulia mlango wa chini. Tulizibadilisha pande, tukatoa upepo tukianzia gurudumu la mbali kabisa na masta silinda, nyuma kulia, nyuma kushoto, mbele kulia, mbele kushoto. Pedali ikasimama juu, ngumu. Alikaa kwenye kiti akaikanyaga na kuiachia kwa muda mrefu bila kusema neno.

Diski zote nne

Corvette ilikuja na diski nne tangu modeli ya 1965, na Camaro ya 1969 iliuzwa nazo kwa wanunuzi wachache sana. Kwa hiyo si uzushi. Faida zake ni za kweli: maji hayabaki ndani, kubadilisha pedi ni kazi ya dakika chache, na zikipata moto mara kumi mfululizo hazilalamiki. Mtu anayepeleka gari kwenye mzunguko wa mbio, au mwenye Chevelle ya V8 kubwa yenye uzito wa zaidi ya kilo 1,600 na injini iliyoongezwa nguvu, ana haki ya kuzitaka.

Kwa wengine wote, nyuma inafanya asilimia 30 ya kazi, na dramu nzima inaibeba bila jasho. Utakachokipoteza ni handbreki. Dramu inashika gari kwenye mlima kwa waya mmoja, kwa sababu ileile ya kujikaza. Kalipa za nyuma zenye handbreki ndani yake zina skrubu ya kujirekebisha ambayo isipopangwa vizuri inashusha pedali nzima, na unarudi kutafuta upepo ambao haupo. Na gharama: seti ya mbele ni mamia ya dola, seti ya nne inavuka elfu moja kirahisi. Ukiniambia unazitaka kwa sababu zinaonekana kupitia rimu zilizo wazi, nitakufungia kwa moyo mweupe, maana ni gari lako na uzuri nao ni sababu. Ila usitegemee gari litasimama kwa urefu mfupi kuliko tairi zako zinavyoruhusu.

Na busta je?

Busta inapunguza nguvu ya mguu. Haipunguzi umbali wa kusimama kwa gari ambalo tayari unaweza kulifunga magurudumu kwa mguu wako. Hesabu yake ni nyepesi. Mguu wa paundi 100 kwenye pedali yenye uwiano wa 6 kwa 1 unasukuma pistoni ya masta silinda kwa paundi 600. Pistoni ya inchi 1 inakupa PSI 760 hivi. Pistoni ya inchi 1 na 1/8 inakupa kama 600 tu. Diski hazijikazi kama dramu, kwa hiyo zinataka presha kubwa zaidi. Mtu anayefunga diski, akaweka masta silinda yenye pistoni nene iliyokusudiwa busta, halafu asiweke busta, anapata pedali ngumu kama ukuta na gari lisilosimama, akadhani diski ni mbovu. Bila busta, baki na pistoni ya inchi 1 au 15/16 na uwiano wa pedali wa 6 kwa 1. Kwenye magari ya GM, kampuni mama ya Chevrolet, pedali ina matundu mawili: la juu ni la gari lisilo na busta, la chini ni la lenye busta.

Busta ya vakyumu ndiyo ya kawaida na ya bei nafuu, lakini inakula vakyumu ya injini. Inataka inchi 16 mpaka 18 za zebaki. Ile kamshafti kubwa inayofanya V8 iungurume kwa kurukaruka ikiwa imesimama, ambayo wote tunaipenda, inaweza kushusha vakyumu hadi 10 au chini yake. Weka geji kabla ya kununua busta. Ikiwa tayari unayo na unaishuku, zima injini, kanyaga mara kadhaa mpaka pedali iwe ngumu, ishikilie, washa injini. Pedali ikishuka kidogo chini ya mguu, busta inafanya kazi.

Vakyumu ikiwa ndogo, kuna pampu ya umeme, na kuna busta ya haidroliki inayotumia pampu ya pawa stearingi. Hii ya pili ina nguvu sana na ni ndogo kwa umbo, sifa nzuri kwenye Mustang ambayo nafasi yake ni finyu. Lakini inaleta mipira mingi ya presha na sehemu mpya za kuvuja, na gari lisilo na pawa stearingi halina pa kuichomeka. Naiweka kwenye magari mazito yenye injini zilizochongwa. Kwenye Mustang ya kilo 1,300 na ushei, sijaona haja.

Busta yoyote utakayoweka, pima fimbo inayosukuma masta silinda. Ikiwa ndefu kupita kiasi pistoni hairudi mpaka mwisho, mafuta yakipata moto hayana pa kurudi, na breki zinajifunga zenyewe barabarani. Ukisimama pembeni zikapoa, zinaachia, na fundi ukimfikia haoni kitu.

Mafuta ya breki: DOT 3 au DOT 4, yabadilishwe kila miaka miwili, kwa sababu yananyonya unyevu wa hewani na kuleta kutu kwa ndani. DOT 5 ni ya silikoni. Haiharibu rangi, ndiyo maana wenye magari ya maonyesho wanaipenda, lakini inashika viputo vya hewa na haichanganywi kabisa na hizo nyingine.

Mimi nilichagua nini

Gari linalotoka Jumapili moja moja kwenda kwenye mkutano wa magari, lenye namba za injini za asili, liache na dramu zake, ulipatie masta silinda ya vyumba viwili, mipira na mabomba. Gari unaloendesha barabara kuu na watoto nyuma, weka diski mbele. Gari la mbio, nne.

Langu ni la barabara kuu. Nilifunga diski za inchi 11 za pistoni moja mbele, nikabakiza dramu za inchi 10 nyuma na shu mpya, masta silinda ya inchi 1, bila busta, na vali ya kugawa presha yenye kitasa cha kuzungusha. Asubuhi ya Jumapili nililipeleka kwenye maegesho matupu ya duka moja kubwa, lami imelowa mvua ya usiku. Maili 30 kwa saa, nikakanyaga: nyuma ikafunga kwanza, mkia ukataka kutoka. Nikashuka, nikapunguza presha ya nyuma kwa mzunguko mmoja wa kitasa. Mara ya pili zikafunga karibu pamoja. Mzunguko mmoja tena, na mara ya tatu mbele ikatangulia kufunga, gari likasimama limenyooka kama lilivyokuwa linakwenda. Nikatia alama ya rangi kwenye kitasa pale pale kilipokuwa, nikarudi nyumbani kunywa chai.